YEREMIA ALINUNUA KWA IMANI, NA BADO ALIANDIKA HATI

Leo tunazungumza juu ya pesa. Tafadhali usinikimbie.

Siku hizi naletewa fomu za nyumba niziombee, na nyingi ni za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mshirika ananionyesha picha kwenye simu: ghorofa nzuri, maua, watoto wanacheza. Nikiuliza nyumba yenyewe iko wapi, naambiwa kwa sasa pale ni ploti tupu, lakini bei ni ya chini kwa sababu ni ramani. Ikikamilika itapanda, utapangisha, na kodi italipa mkopo. Kisha ananiambia, "Pasta, tunaenda kwa imani."

Haya, twende kwa imani, lakini tupitie Yeremia 32.

Yerusalemu imezingirwa na Wababeli. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Hapo ndipo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake Hanameli kule Anathothi. Hakuna mtu aliyewahi kununua mali kwa imani kama hiyo! Sasa angalia alivyofanya. Alipima fedha, shekeli 17. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Nakala zilikuwa mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi. Akampa Baruku azitie katika chombo cha udongo zisiharibike.

Mpendwa, huyu ni nabii aliyesikia sauti ya Mungu mwenyewe, na bado alitaka hati na mashahidi. Wewe umesikia sauti ya ajenti tu, kwa nini uogope kuuliza karatasi?

Elewa unachofanya unaponunua nyumba ikiwa ramani. Hujanunua nyumba bado. Umenunua ahadi, na pesa zako ndizo zinazojenga. Yesu katika Luka 14 alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Hapa mwenye mnara ni kampuni, lakini wakiishiwa katikati, anayechekwa ni wewe.

Hebu tuhesabu pamoja. Umekopa milioni 2 kwenye Sacco, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miaka 4. Utalipa zaidi ya shilingi 52,000 kila mwezi, na makato yanaanza sasa. Kodi itaanza siku nyumba itakapokamilika na kupata mpangaji. Ujenzi ukichelewa miezi 18, utakuwa umelipa karibu shilingi 950,000 kutoka mfukoni kwa nyumba isiyo na paa, huku ukiendelea kulipa kodi ya unakoishi.

Kuna familia ninayoiombea kila wiki, na wamenipa ruhusa niseme bila majina. Jengo lao lilisimama kwenye ghorofa ya pili. Mkopo ukawashinda, Sacco ikaenda kwa wadhamini, na wadhamini walikuwa waimbaji wenzao wa kwaya. Akiba ya watu ikakatwa. Leo ndugu waliokuwa wanaimba pamoja hawasalimiani. Kwangu mimi kama mchungaji, hilo linaniuma kuliko hata zile pesa.

Kwa hivyo kabla hujalipa, fanya kama Yeremia.

Kwanza, fanya uchunguzi wa hati ya ardhi, kwa Ardhisasa au kwenye ofisi ya ardhi inayohusika. Ardhi ni ya nani? Je, imewekwa rehani benki? Kampuni ikianguka, benki yenye rehani huchukua chake kwanza. Wewe usiye na hati unasimama nyuma ya foleni.

Pili, uliza idhini ya kaunti, leseni ya NEMA, na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Nenda uthibitishe kwenye ofisi zenyewe. Usitosheke na nakala uliyopewa na muuzaji.

Tatu, tafuta wakili wako mwenyewe. Yule wa kampuni anatetea kampuni. Mkataba useme tarehe ya kukamilika, fidia ya kuchelewa, na namna ya kurudishiwa pesa. Ulipe kwa mafungu kulingana na hatua ya ujenzi, si yote kwa sababu ya ofa inayoisha Ijumaa.

Nne, uliza kama utapata hati yako binafsi ya fleti hiyo. Sheria ya mwaka 2020 inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo kuwa na hati yake.

Sisemi kununua mapema ni dhambi. Wapo waliobarikiwa kwa njia hiyo. Ninachosema ni kwamba kuuliza maswali si kukosa imani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiuliza. Akikasirika, amekujibu.

Na wewe ambaye pesa zako zimekwama tayari, usijifiche nyumbani kwa aibu. Njoo tuombe, halafu tutafute wakili na tuzungumze na wadhamini wako kabla uhusiano haujavunjika.

Tuombe: Baba, tupe imani ya Yeremia pamoja na uangalifu wake. Linda jasho la watoto wako. Waliopoteza, wafariji na uwafungulie njia. Katika jina la Yesu, amina.

Mtumie ndugu yako anayekaribia kutia sahihi wiki hii. Mbarikiwe.