Mji wa Pwani Hupimwa Januari

Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja, akitafuta mji wa kuhamia Uingereza pamoja na mwenzake na watoto wadogo, huvutwa na bahari bila kuambiwa na mtu. Anaiona Blackpool kwenye ramani, anaiona Skegness, Margate, Hastings. Anaona kodi ya nyumba iliyo chini ya ile ya London, anaona ufuko, na moyo unampa kwamba huko patakuwa na nafasi na pumzi kama nyumbani. Ninachotaka kusema ni kwamba neno hilo moja, mji wa pwani, lina maana mbili zilizo mbali sana, na familia changa inayozichanganya huingia gharama ambayo kijana asiye na watoto asingeihisi. Pwani yetu nayo ina misimu, tena mikali. Lakini kwetu msimu hugusa chombo na kazi. Nyumba, jirani na shule hubaki mahali pake. Katika miji mingi ya bahari ya Uingereza msimu umeingia hadi ndani ya mkataba wa kupanga.

Kodi nafuu ya huko ina historia yake, na mzazi anapaswa kuijua kabla ya kuifurahia. Skegness kilikuwa kijiji kidogo hadi reli ilipofika mwaka 1873, na mwenye ardhi, Earl wa Scarbrough, akapima viwanja na kuchora mitaa kwa ajili ya wageni. Blackpool ilipata reli mwaka 1846, na mnara wake ukafunguliwa 1894. Viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa vikifungwa wiki nzima katika majira ya joto, mji huu wiki hii na mji ule wiki ijayo, wafanyakazi na watoto wao wakapanda treni kwenda baharini kwa zamu. Ili kuwapokea zikajengwa safu kwa safu za gesti, nyumba za ghorofa zenye vyumba vidogo vingi. Kisha, kuanzia miaka ya 1960, ndege za bei nafuu zikawapeleka watu hao Hispania, kwenye jua la uhakika. Wageni wakapungua na nyumba zikabaki. Gesti isiyo na wageni haigeuki kirahisi kuwa makazi ya familia. Hukatwakatwa vyumba na kupangishwa kwa watu waliokosa pa kwenda. Katika vipimo vya umaskini vya England vya mwaka 2019, mitaa minane kati ya kumi iliyo maskini kuliko yote ilikuwa Blackpool. Ule wa kwanza kabisa ulikuwa Jaywick, karibu na Clacton, penye ufuko mzuri wa mchanga na nyumba ndogo zilizojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya likizo, ambazo baadaye watu walizifanya makazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo kodi iko chini kwa sababu mji ulijengewa watu wa kupita, na watu hao wakaacha kupita.

Sasa tuitazame pwani yetu. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, kisha huja masika na kusi, bahari ikachafuka na vyombo vidogo vikapandishwa pwani. Hiyo ni kalenda ya zamani kuliko hoteli yoyote, na watu wamejifunza kuishi nayo. Mvuvi wa Pemba huenda dago, akafuata samaki mbali na kwao kwa wiki au miezi, huku familia yake ikibaki palepale ilipo. Paje na Jambiani wanawake wanalima mwani tangu mwaka 1989, na saa zao za kazi hupangwa na bamvua na maji mafu, si na ndege zinazotua uwanjani. Wageni nao ni wengi. Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 700,000 mwaka 2024. Mvua za masika zikishuka, baadhi ya hoteli za Lamu, Watamu na Zanzibar hufunga milango hadi Juni, na aliyeajiriwa humo huumia kweli. Hata hivyo duka la mtaani halifungwi, madrasa haifungwi, daladala haipunguzi safari kwa kuwa wageni wamekwenda, kwa sababu havikuwekwa kwa ajili yao.

Kuna jambo moja hapa ambalo naona halisemwi vya kutosha. Sherehe kubwa za miji yetu hufuata mwandamo wa mwezi. Ramadhani, Idi mbili na Maulidi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo hazikai ndani ya msimu wa watalii. Sikukuu iliyoangukia masika, miaka michache baadaye huangukia kaskazi, na Lamu hujaa watu wa Maulidi hata pale ambapo hoteli hazina wageni. Mwaka Kogwa wa Makunduchi hufuata jua na huangukia Julai, mgeni akija kutazama anakaribishwa, lakini wenyeji wangeufanya hata kama asingekuja mtu. Linganisha na taa za Blackpool, zilizoanza mwaka 1879 na ambazo huwashwa majira ya joto yanapokwisha kwa lengo la wazi la kuurefusha msimu wa biashara. Ni taa za kupendeza na watoto huzipenda. Ila zinapozimwa Januari, kinachobaki ni mji usio na shughuli ya kwake mwenyewe ya kujaza miezi ile, na giza linaloingia kabla ya saa kumi na moja jioni.

Msimu huo huikuta familia kwanza kwenye nyumba. Kwa miaka mingi Sheria ya Nyumba ya 1988 ilimpa mwenye nyumba ya likizo nafasi ya kuipangisha kwa muda usiozidi miezi minane nje ya msimu, kisha kuirudisha kwa wageni. Mpangaji aliingia vuli akijua kwamba karibu na Pasaka atatafuta pengine. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeongeza ulinzi mkubwa kwa mpangaji, lakini haiwezi kulazimisha mtu apangishe nyumba kwa familia badala ya kuwauzia wageni usiku mmojammoja. Katika miji ya bahari yenye utajiri hali ni nyingine na ni mbaya kwa namna yake. St Ives, katika jimbo la Cornwall, wakazi walipiga kura mwaka 2016 na kukubali kwa wingi mkubwa kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya watu watakaoishi humo, zisiwe nyumba za pili za matajiri. Huko Wales, tangu Aprili 2023, halmashauri zinaweza kutoza nyumba za pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri. Watu hawafiki huko bila kuchoshwa na mitaa ambayo wakati wa baridi haina hata dirisha moja lenye taa. Kwa mtu mmoja, kuhama kila miezi minane ni usumbufu. Kwa mtoto wa miaka mitano ni kubadili mwalimu, kubadili rafiki, na pengine kubadili shule, kwani huko nafasi ya shule mara nyingi hutegemea umbali kutoka unapolala.

Pigo la pili liko kwenye kalenda ya kazi, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Kazi za msimu hufika kilele katika wiki sita za likizo ya shule, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzo wa Septemba. Yaani mzazi anahitajika kazini kuliko wakati mwingine wowote katika wiki zilezile ambazo mtoto hana pa kushinda. Saa za malezi zinazolipiwa na serikali huko England kwa kawaida hutolewa kwa wiki 38 za mwaka, na wiki hizo sita hazimo. Mtoto wa miaka mitatu au minne hupata saa 15 kwa wiki bila kujali viza ya wazazi, lakini saa nyingi zaidi, zile 30 za wazazi walio kazini, kwa kawaida haziwafikii wazazi ambao wote wawili viza zao zinawakataza fedha za umma. Kwetu pia likizo hugongana na msimu: Agosti Kenya imefunga shule na Diani imejaa. Tofauti ni kwamba mtoto hupelekwa kwa bibi, au hushinda kwa shangazi, au huachwa uani ambako macho manne ya majirani yanamtazama. Huduma hiyo haina risiti na kwa hiyo hatujazoea kuihesabu. Ughaibuni bei yake huonekana siku ile ile ya kwanza.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtu atasema ninaipamba pwani ya nyumbani, wakati mhudumu wa hoteli ya Nungwi aliyetoka Mwanza au Iringa ameacha mke na watoto bara, anapanga chumba kimoja, na hoteli ikifunga hana mshahara. Ni kweli tupu, na inathibitisha hoja badala ya kuivunja. Yule mhudumu hakuihamisha familia yake kwenye mji wa msimu. Alipima, akaona kazi inayokuja na kuondoka haifai kujengewa shule ya mtoto juu yake, akaenda peke yake kama mvuvi anavyokwenda dago. Tunaohamia Uingereza mara nyingi tunafanya kinyume chake, kwa kuwa muda wa viza unahesabika na hakuna anayetaka kutengana na wanawe kwa miaka. Uamuzi huo nauheshimu. Ninachosisitiza ni kwamba ukiibeba familia yote, basi kazi itakayoilisha isiwe ya msimu. Nakubali pia kwamba pwani yetu yenyewe inabadilika. Shela, kando kidogo ya mji wa Lamu, ina nyumba nyingi za wageni wa mbali ambazo hukaa zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka, na Paje kodi zinapanda mkulima wa mwani akitazama. Tukitaka kujua mwisho wa njia hiyo, St Ives imekwisha kutangulia.

Pingamizi jingine ni la hewa safi na bahari: mtoto akue akikimbia mchangani kuliko kufungiwa ghorofani London. Ningependa iwe hivyo. Lakini mwaka 2021 Chris Whitty, mganga mkuu wa England, alitoa ripoti yake ya mwaka nzima kuhusu afya ya watu wa miji ya pwani, na akaonyesha kwamba wanaugua zaidi ya wenzao wa bara hata unapozingatia umri na umaskini wao. Ripoti hiyo ilikadiria pia kwamba kwa kila mgonjwa pwani ina madaktari bingwa pungufu kwa takriban asilimia 15. Sababu mojawapo ni jiografia ambayo sisi watu wa visiwani tunaielewa upesi: hospitali iliyo ufukweni nusu ya eneo lake ni maji, na barabara ya kuelekea mjini ni moja. Bahari haimdhuru mtoto. Ila haileti daktari.

Na papo hapo, katika upungufu huo, ndipo ilipo sababu nzuri ya kuhamia. Miji hii ina wazee wengi waliokwenda kustaafu kando ya maji. Mzee huhitaji kuhudumiwa Februari kama anavyohitaji Agosti. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi wa afya mwaka 2021, na muuguzi mwenye mkataba wa hospitali ya mji wa pwani ana kitu ambacho muuza aiskrimu hana, mshahara usiojua msimu. Kwa waliotegemea kazi ya kulea wazee majumbani na vituoni mlango umebanwa sana: tangu Machi 2024 mlezi mpya anayeomba viza ya kazi hiyo haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto, na tangu Julai 2025 kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi kumesitishwa. Muuguzi bado anaweza kuja na familia yake. Kwa familia hiyo Blackpool au Hastings inaweza kuwa chaguo zuri, zuri hata kuliko London, mradi nyumba ipatikane kwa mkataba wa mwaka mzima na mtaa wake uchaguliwe kwa uangalifu.

Wapo watakaosema baridi ni baridi popote, mji wa bara kama Leicester ni kijivu Januari kama Skegness. Kijivu ni kilekile, ila Leicester mwezi huo basi zake hupita, misikiti na makanisa hujaa Ijumaa na Jumapili, na kuna watu waliofika kutoka Uganda na Kenya tangu miaka ya 1970 ambao wengine wao wanakijua Kiswahili. Mtoto husikia lugha ya wazazi wake ikitamkwa na mtu asiye mzazi wake. Katika mji mdogo wa bahari huenda familia yenu ikawa ya pekee, na hilo lihesabiwe pamoja na kodi, kwa sababu lugha ya mtoto nayo ina gharama ya kuitunza.

Kwa hiyo safari ya kwenda kuutazama mji ifanywe majira ya baridi, siku ya kazi, saa za jioni. Mtazame ni maduka mangapi kwenye barabara ya ufukweni yameteremsha vyuma hadi Pasaka, na mangapi kwenye barabara ya nyuma yako wazi. Msome ratiba ya basi ya majira ya baridi badala ya ile iliyochapwa kwa wageni. Mmuulize dalali nyumba hiyo ilikuwa na nani Agosti iliyopita. Mpite nje ya shule ya msingi wakati wa kutoka, mwone kama ni watoto wengi na kama wazazi wanajuana. Mtoto wa England huanza shule Septemba inayofuata kutimiza kwake miaka minne, na mwisho wa kuombea nafasi ni tarehe 15 Januari, wakati mji wa bahari haujavaa chochote cha kumpendeza mgeni.