Gari Jeusi Halifichi Kitu

Katika rangi zote ambazo binadamu amepata kulipaka gari, hapana hata moja yenye heshima kama nyeusi, wala hapana yenye taabu kama hiyo hiyo nyeusi. Wakubwa hupanda magari meusi, maharusi huyapenda, na hata jeneza la mtu mwenye jina aghalabu hufuatwa na msururu wa magari meusi. Huko Marekani, kampuni ya Ford ilitengeneza gari la Model T kwa rangi nyeusi tu tangu mwaka 1914 hadi 1925, na watu waliyanunua kwa mamilioni. Lakini mwenye gari jeusi anajua siri asiyoijua mpita njia: gari hilo hupendeza kwa saa moja tu baada ya kuoshwa, kisha huanza kumshtaki mwenyewe kwa kila vumbi na kila mkwaruzo.

Nasema haya kwa kuwa gari jeusi ndilo linaloilisha nyumba yangu. Ni gari dogo la mtumba lililotoka Japani, na kazi yake kubwa ni kubeba maharusi siku za Jumamosi hapa Dar es Salaam. Sare na madaftari ya watoto, kodi ya nyumba, na dawa za mama yangu mzazi, vyote hutoka katika boneti ile inayong'aa. Kwa hiyo mikwaruzo ya rangi kwangu mimi ni hesabu ya unga na mchele.

Mikwaruzo ninayoisema si ile ya kugongwa na pikipiki, ambayo kila mtu huiona na fundi huizibia. Ni nyuzi nyembamba mno, zisizoonekana kivulini, ambazo jua likishapanda hujitokeza kama utando wa buibui kuzunguka pale mwanga unapomulika. Wengi hudhani duara hizo zimetokana na mwoshaji kuzungusha mkono. Kwa kweli nyuzi hizo zimekwenda kila upande, ila zile zilizokingamana na mwanga ndizo zinazoumulika machoni, na kwa sababu hiyo jicho huona duara. Ukisogeza kichwa, duara nazo hukufuata. Gari jeupe nalo lina mikwaruzo hiyo hiyo, lakini weupe hurudisha mwanga mwingi hata ule mdogo wa mkwaruzo ukapotea humo. Weusi humeza mwanga karibu wote, basi kila uzi hung'aa peke yake, kama kibatari usiku wa giza.

Magari ya siku hizi hupakwa rangi kwa matabaka. Juu ya rangi yenyewe hupigwa tabaka angavu, ambalo mafundi wetu huliita klia, na unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani nusu hivi ya unene wa karatasi ya kuandikia. Adui wa klia ni mchanga. Ndani ya vumbi letu zimo chembe za madini ya kwazi, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs kinachoipa almasi 10, wakati kioo cha dirishani hakifiki hata 6. Ikiwa chembe hiyo hukwaruza kioo, klia itasalimika vipi? Yule tunayemwona asubuhi akilipangusa gari kavu kwa kitambaa, akidhani analisafisha, kwa hakika analipiga msasa.

Ijumaa moja ya kiangazi nililazimika kwenda msibani, nikaliacha gari mahali fulani pa kuoshea magari. Kesho yake, saa nne, shangazi wa bwana harusi alikuja kulikagua juani. Akalizunguka mara mbili, akapitisha kidole juu ya boneti, kisha akasema kwa upole, "Kaka yangu, utuwie radhi. Bibi harusi wetu atapigwa picha humu." Wakachukua gari la mtu mwingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na siku ile changu hakikujiuza.

Jumatatu nilimwendea kijana aliyeliosha, nikiwa na maneno makali moyoni. Nilimkuta na ndoo moja na kipande cha fulana kuukuu. Maji ya ndoo ile yalikuwa yamekwisha kuosha magari mawili na bajaji, nayo yalikuwa mazito kama uji wa mtama. Kabla sijamaliza shutuma zangu akanijibu kwa adabu, "Mzee, ndoo ya maji nanunua. Tena mimi nalipwa kwa gari, silipwi kwa saa." Nikaitazama ile ndoo, na ile fulana, na foleni ya magari iliyokuwa ikimngoja, nikaona kwamba mikwaruzo yangu ilianzia mbali kuliko mkono wake. Tunataka gari lioshwe kwa dakika kumi, kwa ujira wa soda, kisha tunashangaa tukirudishiwa kazi ya dakika kumi na ya ujira wa soda.

Suala la maji si dogo. Jiji letu hutegemea sana maji ya Mto Ruvu, na mwezi wa Oktoba 2022, kina cha mto huo kiliposhuka, tuligawiwa maji kwa zamu. Majuma yale mke wangu aliniuliza swali ambalo mwenye gari yeyote anapaswa kuulizwa: "Baba watoto, majirani wanatafuta ndoo ya kupikia, nawe unaogesha chuma?" Sikuwa na jibu la haraka, maana chuma kile ndicho kilichonunua hicho cha kupika. Tulikubaliana kwamba maji ya bomba yabaki ya watu, na gari lioshwe kwa maji ya kisima. Kwa kuwa maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, tulikuwa tukilikausha mara moja, upande baada ya upande, kabla jua halijayafanya matone kuwa madoa meupe. Jumamosi isipokuwa na harusi, gari lilikaa na vumbi lake bila kuguswa. Vumbi lililolala halikwaruzi, hukwaruza likisuguliwa. Wala hatukulifunika turubai, kwani turubai likipigwa na upepo juu ya gari lenye vumbi hufanya kazi ile ile ya kitambaa kikavu.

Na kusema kweli, kuosha vizuri hakuhitaji maji mengi. Ndoo tatu za lita 20 zinatosha gari dogo, wakati mpira wa maji ulioachwa wazi humwaga kiasi hicho kwa dakika chache. Gari na lioshwe asubuhi au jioni, kivulini, bati likiwa limepoa, kwa maana rangi nyeusi huvuta joto na sabuni hukaukia juu yake. Ndoo ya kwanza ni ya kumwagia taratibu kutoka paa hadi chini, ili mchanga uondoke wenyewe kabla mkono haujagusa kitu. Ya pili ni ya sabuni, na ya tatu ni ya kusuuzia kile unachooshea. Humo ndimo ulimo ufunguo wa kazi nzima: kila upande ukiisha, glavu husuuzwa katika maji safi ndipo irudi kwenye sabuni, ili mchanga wa mlango usihamie kwenye boneti. Huanzwa juu na kumalizwa chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake mbali. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari siku hiyo, hata kikikung'utwa vipi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika kazi hii hapana budi kuchagua. Glavu na taulo za nyuzi laini ni bora kuliko sponji ngumu au fulana kuukuu, kwa sababu nyuzi zake huzamisha chembe ndani badala ya kuziburuta juu ya rangi. Sabuni ya unga ni ya nguo; hung'oa mafuta, na pamoja nayo hung'oa nta inayoikinga rangi. Kukausha nako ni kwa taulo nene linalolazwa na kubonyezwa, si kwa kusugua. Kinyesi cha ndege kisikwanguliwe kwa kucha. Kilowekwe kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, na kiondolewe siku hiyo hiyo, maana juani huacha alama katika klia.

Watu huniuliza, je, polishi haiondoi mikwaruzo? Huiondoa, lakini ni vema kujua inaiondoaje. Polishi ya kukwangua hupunguza klia mpaka iwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kila mara unapong'arisha hivyo unatumia sehemu ya ile nusu ya karatasi, na ikiisha haioti tena kama ukucha. Iliyobaki ni kupiga rangi upya kwa gharama kubwa. Nta ni kitu kingine. Nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mnazi-pori wa Brazili, haiponyi mkwaruzo, ila hufanya bati liteleze, uchafu usishike sana, na kuosha kukawa kwepesi. Mimi hupaka nta mara kwa mara, na ile polishi ya kukwangua naiogopa kama mtu anavyoogopa kugusa akiba ya uzeeni.

Yule kijana sasa ndiye anayeliosha gari langu kila Ijumaa jioni. Vifaa ni vyangu, na maji nayanunua mimi. Namlipa mara tatu ya alivyokuwa akilipwa, naye hutumia muda mara nne. Mwanzoni wenzake walimcheka kwa kuosha gari kama anayemwogesha mtoto mchanga. Siku hizi wawili kati yao wamenunua ndoo ya pili, na wateja wenye magari meusi huwauliza wao kwanza. Hesabu yangu ni nyepesi: ninachomwongezea kwa mwezi hakifikii bei ya harusi moja iliyonipita.

Nchini mwetu tunavyo vitu vingi tulivyovipata kwa jasho, tukavichakaza kwa kuvisafisha vibaya: sufuria, sakafu, nguo za sikukuu. Gari jeusi ni mwalimu mkali tu kati ya hivyo, kwa kuwa haliwezi kuficha lilivyotendewa. Anayetaka ling'ae na alipe kwanza maji ya kusuuzia, na mkono utakaoyatumia bila kukimbizwa.