Mlakasa wa jirani

Miaka mingi nilitunza bustani za watu Nyali. Nilipohamia nyumba yangu hapa Likoni, karibu na ufuo wa Shelly, nilikuwa na tamaa moja: nami niwe na ua wa nyasi. Nikapanda nyasi za Pemba, chipukizi moja moja, kwa mikono yangu.

Kisima changu kina chumvi. Ncha za majani zikaungua. Maji ya mfereji, yale ya Marere na Tiwi, hayaji kila siku, na kaskazi ilipokaza hayakuja kabisa. Nikawa nanunua ya mkokoteni: mitungi kumi ya lita 20 kila jioni, yote ya nyasi. Sisi wenyewe tulioga kwa kopo.

Jioni moja mjukuu wa jirani yangu, mama mjane, alikuja na mtungi mtupu. Nilikuwa nimeshika keni, namwagilia. Nikamwambia, "Mwanangu, leo maji hayatoshi." Akazitazama nyasi zilivyolowa, akasema, "Haya, babu," akaenda zake.

Mwezi uliofuata homa ikanilaza wiki mbili. Nyasi zikakauka zote. Asubuhi moja nikasikia hodi, na mtungi ukitulizwa mlangoni. Alikuwa yule mama. "Pole, baba. Haya ni ya kunywa." Ya mjukuu hakuyataja. Nikageukia ukutani nikalia, maana sikustahili hata kikombe.

Nilipopata nguvu nilikwenda kumwomba radhi. Uani kwake mchanga wote ulikuwa umefunikwa na mlakasa, majani mazito yaliyogawanyika nchani kama kwato la mbuzi, maua ya zambarau yamefunguka. Mlakasa! Nyali niliung'oa miaka yote nikiuita magugu, ilhali ufuoni humea kwenye chumvi bila kumwagiliwa na mtu.

Akanikatia fungu. Nilifukia mapingili mchangani, nikayapa maji ya kisima mpaka yakashika. Masika ilipoisha kila fundo lilikuwa na mizizi yake, na upepo hauchukui tena mchanga wangu. Mlakasa haupendi kukanyagwa, kwa hiyo nimeacha njia ya kupita, na ukitambaa kupita kiasi naukata kwa panga. Ndugu yangu uliyeshika keni jioni hii, nakuelewa. Nami nilizipenda nyasi zangu vivyo hivyo.

Mjukuu yule akija na mtungi siku hizi, namjazia kabla sijajaza wangu.