Njia ya Changarawe na Baiskeli ya Mama

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili. Upande wa mashariki, chini ya ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa, liko Ziwa Rukwa. Upande wa magharibi, huko bondeni, liko Ziwa Tanganyika. Mji wetu wa Sumbawanga uko kwenye meta 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye meta 800 hivi. Sisi tunaoishi huku juu tuna baridi kali ya Juni na Julai, tuna upepo, tuna vilima visivyokwisha. Tena tuna utajiri mmoja ambao hatuusemi mara nyingi: njia za changarawe za kutoka kijiji hadi kijiji, ambazo pengine asubuhi nzima gari halipiti.

Lami ilipotufikia kutoka Tunduma katika miaka ya 2010, sote tulifurahi. Mgonjwa aliyepewa rufaa hakurushwa tena kwenye mashimo, wala basi halikulala njiani kwa matope. Lakini lami ilileta pia mwendo wa kasi. Mabasi, malori ya mahindi na bodaboda hupita kama upepo, na mwenye baiskeli husukumwa pembeni. Katika kazi yetu ya uuguzi tumefunga majeraha mengi ya barabara kuu. Kwa hiyo, mama msomaji, tunapokuhimiza kupanda baiskeli hatukupeleki kwenye lami. Tunakupeleka kwenye njia za nyuma.

Sisi tuko kina mama watano, mdogo wetu ana miaka 38 na mkubwa ana 52. Tulianza kwa shida tu. Katika huduma ya kutembelea wagonjwa, tulikuwa tukishushwa na gari kwenye barabara kuu, kisha tunatembea saa moja au mbili hadi kwa mgonjwa, na kurudi hivyo hivyo. Kwa siku moja tulifika nyumba mbili tu. Tulipoanza kwenda kwa baiskeli, tukafika nyumba nne au tano, na jioni tukawa tumesharudi kupika. Wawili kati yetu walijifunza wakiwa wamepita miaka 40, wakishikiwa kiti na watoto wao wenyewe. Walifundishwa kwenye njia isiyo na magari, maana huko mtu akianguka anaanguka peke yake, anajikung'uta vumbi na kupanda tena.

Baadaye tukaona kwamba njia yenyewe inatupa kitu. Ukielekea milima ya Mbizi asubuhi, unapita mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, unawapisha ng'ombe, unasalimiana na kila unayekutana naye. Ukifika ukingoni siku isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Rukwa likimeta chini kabisa. Hakuna honi, na mnaweza kwenda wawili wawili mkizungumza. Mama ni mtu wa kuitwa tangu alfajiri: mama chumvi, mama daftari, mama mgeni amefika. Njiani kwa saa mbili haitwi na mtu. Tumesikia mambo mazito yakisemwa huko, ya ndoa, ya watoto, ya madeni, ambayo hayajawahi kusemwa katika kikao chochote.

Tunaulizwa mara nyingi kama baiskeli huharibu kizazi cha mwanamke. Hapana, haiharibu. Kizazi kushuka hutokana zaidi na uzazi, hasa uzazi mgumu na wa mara nyingi, na pia kunyanyua mizigo mizito kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba mama yule yule anayekatazwa baiskeli kwa ajili ya kizazi chake, hakatazwi kubeba debe la maji kichwani na mtoto mgongoni. Wala hofu hii si ya kwetu peke yetu. Miaka ya 1890 huko Uingereza na Marekani, baadhi ya madaktari waliwaonya wanawake kwamba baiskeli itawaharibu uzazi na hata sura. Wanawake waliendelea kupanda, na watoto waliendelea kuzaliwa.

Faida yake inajulikana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Mama wa kijijini anayelima na kuteka maji hupata zaidi ya hizo. Lakini mama wa mjini, anayekaa dukani au ofisini na kupanda bodaboda kwenda sokoni, hazipati, na ndiye tunayemkuta kliniki akiwa na presha au kisukari. Baiskeli huunyoosha moyo wake bila kumuumiza magoti. Hata hivyo, mwenye presha apimwe kwanza na asiache dawa zake. Mwenye kisukari anayetumia dawa abebe kitu kitamu, asije akaishiwa nguvu njiani. Mjamzito azungumze na muuguzi wake, kwa sababu hatari kwake ni kuanguka. Aliyejifungua karibuni asubiri mpaka mwili upone.

Changarawe nayo ina adabu zake. Usijaze matairi upepo mpaka yawe kama jiwe, maana yatateleza na kukuchosha mikono. Lakini usiyaache laini mno, yatatoboka. Kwenye mteremko, anza kupunguza mwendo mapema kwa breki ya nyuma. Ukikamata ya mbele kwa ghafla juu ya kokoto utatupwa. Mteremko ukikutisha, shuka usukume. Sisi hushuka, na hatuoni aibu. Njia inayoshuka kwenda Muze, upande wa Ziwa Rukwa, hatuiendi kabisa na breki zetu hizi za kawaida. Kitenge kifunge vizuri juu ya suruali kisije kikaingia kwenye spoku au mnyororo. Beba pampu, viraka, gundi, spana na maji ya kunywa. Masika yakianza, kuanzia Novemba hadi Aprili, waulize wenyeji habari za vijito kabla ya kuondoka. Tena usiende peke yako, na mwachie mtu nyumbani habari ya njia utakayopita.

Lakini tunajua kwamba kinachowazuia kina mama wengi si kokoto. Katika nyumba nyingi iko baiskeli moja, nayo huitwa baiskeli ya baba. Baba akienda kijiweni anaipanda. Mama akienda mashineni kusaga anatembea na gunia kichwani. Mwenzetu mmoja amekuwa akitamani kwenda nasi tangu mwaka juzi. Presha yake iko juu, na alishaambiwa afanye mazoezi. Mumewe alikubali mwanzoni, kisha wenzake wakamcheka kwamba mkewe amekuwa mhuni, anazunguka vijijini. Akaifungia baiskeli stoo.

Hatukwenda kumfokea. Wazee wawili tunaowaheshimu walikaa naye, nasi tukamweleza kwa upole tunakokwenda, kwa nani, na saa tunayorudi. Alitusikiliza, akatukaribisha chai, lakini mpaka leo hajakubali. Basi tumefanya hivi: siku ya ziara, mmoja wetu anamsubiri, anasukuma baiskeli yake na kutembea naye kwa miguu hadi nyumba ya mgonjwa wa kwanza, huku wengine wakitangulia kwenye zile za mbali. Tunapokezana. Presha yake imeshuka kidogo kwa huo mwendo wa miguu. Mumewe anaona kwamba hatumchochei mkewe, na sisi hatumwachi mwenzetu nyuma.

Hatukuelezi haya ili ugombane na mwenzi wako. Tunakuomba jambo moja dogo. Jioni moja mkiwa mmetulia, watoto wamelala, hesabuni pamoja: katika wiki hii ni nani aliyekwenda mbali zaidi, akiwa na mzigo gani, na baiskeli ilikuwa wapi wakati huo? Msilaumiane, hesabuni tu. Baba wengi hawajawahi kuifanya hesabu hiyo. Wapo waume wawili wa wenzetu walioifanya, na kesho yake mmoja alimpelekea fundi baiskeli ya nyumbani ashushe kiti, mkewe apate kufikisha miguu chini.

Na kama una binti, mfundishe mapema. Shule za sekondari ziko mbali na nyumba nyingi za uwanda huu, na binti anayefika mapema bila kuomba lifti ya pikipiki amekingwa na mengi. Mfundishe kwenye njia ya changarawe, mshikie kiti, kisha umwachie. Ukiona anakwenda, usishangae ukijikuta unamwambia, "Haya mwanangu, shuka kidogo, na mimi nijaribu."