Mteremko wa Njombe si wa Bure

Abiria wa mabasi ya Songea wakishakunja kushoto pale Makambako na kuiacha barabara kuu ya Tunduma, wengi husinzia. Dirishani hakuna mlima wa kutisha wala korongo la kupigia picha; ni vilima vya kijani vinavyopokezana mpaka macho yanachoka. Muulize abiria huyo akishuka Njombe, atakuambia njia ni nzuri, lami tupu. Mpe baiskeli apite kilomita zile zile 60, atakuja na habari nyingine.

Niliipita mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, nikiendesha baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba. Makambako ni mji wa njia panda na huamka mapema. Malori ya Zambia na Kongo hulala hapo, reli ya TAZARA ina stesheni hapo, na kwenye vibanda vya chai alfajiri mazungumzo ni ya mizani, matairi na foleni ya mpakani. Nilipouacha mji, kitu cha kwanza nilichopewa na barabara kilikuwa mteremko. Chini palikuwa na daraja dogo, maji yakipita kwa kelele, kisha kilima. Juu ya kilima ukaonekana mteremko mwingine, na chini yake daraja jingine. Ndivyo ilivyo nchi ya Wabena: kila bonde lina kijito, kila kijito kina daraja, na kila daraja ni mwanzo wa kilima.

Maji hayo ndiyo yaliyoichonga nchi. Vijito vya upande wa magharibi huufuata Ruaha Mkuu, vya mashariki huingia Ruhuji na kuteremka hadi Kilombero, na mwisho wa safari vyote hukutana Rufiji. Wahandisi waliotia lami miaka ya 1980 hawakuwa na namna ya kuyakwepa mabonde yote. Waliyavuka moja baada ya jingine. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Njombe unakaribia 1,900. Kwa hesabu ya ramani unapanda mita mia tatu tu. Kwa hesabu ya mapaja unazipanda, unazirudisha, unazipanda tena, na hakuna anayekuandikia deni lililolipwa.

Pande zote mbili ni mashamba. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, viazi mviringo vimefunika matuta, na miche ya parachichi imesimama kwa mistari mahali ambapo zamani palikuwa pori la majani. Parachichi ndiyo habari ya mjini siku hizi. Kila mwenye ekari mbili anapiga hesabu ya miaka mitatu ijayo. Katikati ya mashamba kuna misonobari na miwati. Miwati ilipandwa huku kwa wingi enzi za ukoloni kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Ukipita karibu na mashine za kupasulia mbao, harufu ya unga wa mbao mbichi inakufuata hadi bonde la pili.

Salamu ya njiani ni moja: "Kamwene!" Unaitikia hivyo hivyo, "Kamwene," hata kama pumzi imekuishia. Watoto wa shule huipiga kwa kelele, wazee huitoa polepole wakiwa wamesimama kabisa, na mpandaji aliyezoea hujifunza kubakiza pumzi kidogo kwa ajili hiyo, maana kumpita mtu mzima bila kuitikia ni utovu wa adabu ambao hausameheki kwa kisingizio cha mlima.

Waendesha baiskeli wa kweli wa barabara hii niliwakuta kabla ya Mtwango. Machi ni msimu wa ulanzi. Machipukizi ya mianzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, utomvu unachuruzika kwenye kikombe cha mwanzi, na ule uliokingwa usiku lazima ufike kilabuni mapema kama anayeuza anataka kuuza mtamu. Ukichelewa unachachuka, na wateja wake wanakuwa wengine. Kijana mmoja alikuwa anasukuma madumu manne ya lita 20, mawili kila upande wa keria, yamefungwa kwa mpira wa tyubu. Midomo ya madumu ilikuwa imezibwa kwa vishungi vya majani, kwa kuwa ulanzi unapumua na kifuniko kikikazwa dumu linavimba. Kilo zaidi ya themanini, kwenye baiskeli isiyo na gia hata moja.

Nikashuka tukapanda pamoja, mimi nikisukuma yangu kwa kidole. Kileleni nilitegemea ataruka juu ya tandiko na kulipwa jasho lake. Hakupanda. Aliegemea nyuma, akashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono mwingine, akaanza kuteremka kwa hatua fupi fupi kama mtu anayemzuia ng'ombe.

"Kupanda ni nguvu tu, kaka," alisema. "Ukichoka unasimama. Kushuka, ukichoka husimami."

Breki za mbele alishazing'oa. Za nyuma zilikuwepo kwa jina. Breki yake halisi ilikuwa mguuni: ndala ya tairi la gari, aina ya katambuga, ambayo soli yake ya kulia ilikuwa imelika kwa mshazari hadi nyuzi za ndani zinaonekana. Mteremko ukiwa mdogo hupanda na kuisokomeza ndala kati ya tairi na fremu; ukiwa mkali hushuka kwa miguu. Lori la makaa ya mawe la mgodi wa Ngaka lilipopiga honi nyuma yetu, alitoka nje ya lami na mzigo wake wote, akasimama kwenye majani, akarudi. Hakulalamika. Kwangu kilima kilikuwa gharama na mteremko faida; kwake vyote viwili ni gharama, na cha pili ndicho kinachovunja watu mikono.

Mtwango kuna fundi baiskeli chini ya mti. Nikamuuliza kwa nini gia hazijashika huku, mahali panapozihitaji kuliko Dar es Salaam yote. Aliitazama baiskeli yangu kwa heshima, akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha.

"Nzuri. Ikikatika hii," akagusa waya wa gia, "spea nitaitoa wapi mimi? Hizi zetu, kila kitu ninacho kwenye kopo."

Na pikipiki je? Alicheka. Bodaboda inabeba zaidi na inawahi, alisema, lakini nayo inakunywa, tena inakunywa kabla ya wateja.

Mama aliyekuwa anachoma mahindi pembeni alikuwa ametusikiliza. "Mwanangu, keria yake iko wapi?"

"Haina, mama. Ni ya kutembelea."

"Kutembelea wapi, na huna mzigo?"

Baada ya Kibena vilima vinaanza kubeba nyumba badala ya miti, na mji wa Njombe unajitangaza kwa maporomoko ya Ruhuji, karibu kabisa na barabara, yakimwaga maji ya Machi yenye rangi ya udongo. Hapo baridi inaingia hata saa nane mchana, na koti linavaliwa bila aibu.

Anayetaka kuipita njia hii asidanganywe na ramani akaanzia Njombe kwa kudhani atateremka hadi Makambako. Mita mia tatu za faida huliwa zote na madaraja ya njiani. Avae kitu cha mvua, abakize pumzi ya salamu, na akitaka kujua bonde linalofuata lina ukali gani asimuulize dereva wa basi. Amtafute mwenye madumu, amtazame soli ya kulia.