Mama, Umekata Bima ya Nini?

Akina mama wenzangu, kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa mtu mwenye bima. Nina chumba cha ushonaji hapa Bombambili, Songea, na kila nilipochukua mkopo nilikatwa fedha kidogo ya bima. Basi nililala usingizi.

Usiku mmoja hitilafu ya umeme iliunguza cherehani mbili, meza ya kukatia, na sare za kwaya ambazo zilibakia vifungo tu. Asubuhi nilikwenda kwa waliotukopesha, khanga yangu bado inanuka moshi. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Pole sana, mama. Bima ile ni ya mkopo. Ungefariki, deni lingefutwa. Duka halimo." Ni kweli, nilitia sahihi bila kusoma.

Sare zile nilizilipa mwenyewe, kidogo kidogo, na kila Jumapili niliona haya kuwatazama waimbaji.

Nilipoinuka tena nilimtafuta wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Nilitaka bima ya moto na ya wizi. Mali yangu ilifika shilingi milioni 8, lakini mimi nikataka iandikwe milioni 4 ili ada ipungue. Wakala, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, akachukua kalamu. "Mama, ukiandika nusu, hata hasara ikiwa ya milioni 2 utafidiwa nusu yake, milioni 1. Iliyobaki utajibebea." Nilishangaa, maana nilidhani milioni 2 imo ndani ya milioni 4!

Tukahesabu kila kitu, hadi mikasi. Kuhusu wizi, alinieleza kwamba kwa kawaida lazima mlango au dirisha liwe limevunjwa. Kitambaa kikitoweka mchana wateja wakiwa wamejaa, hakuna fidia. Hapo nikazikumbuka zile sare.

"Na nguo za wateja je, mwanangu?"

"Hizo si mali yako, mama. Haziingii mpaka tuziandike peke yake."

Tukaziandika. Ada ikapanda kidogo. Nami nikanunua daftari: kila kitambaa kinachoingia naandika jina la mwenyewe, mita na thamani yake. Daftari hilo halilali dukani.