Nilisema Sumu Zinatoka

Mtu alinipigia simu usiku akaniambia mkojo wake umekuwa mweusi kama Coca-Cola. Nikamjibu, "Hizo ni sumu zinatoka mwilini. Meza diklofenaki, kunywa chai ya tangawizi, ulale." Sijasomea udaktari hata wa kuku. Lakini nilijibu bila kusita, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyaona hayo mara nyingi. Naandika kwa sababu hapa Singida inasimuliwa hadithi nyingine kuhusu jambo hili, na aliyeianzisha ni mimi.

Kikundi chetu kilizaliwa kama vikundi vingi vya jogging nchini, katika vuguvugu la Desemba 2016, pale Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza Watanzania wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Tulikuwa tukikimbia alfajiri upande wa Ziwa Singidani, tunanyoosha viungo, kila mtu anakwenda kazini kwake. Hakuna aliyeumia zaidi ya kuteguka kifundo cha mguu. Mimi, niliyekuwa nikiitwa Kocha, nikaona hakuna utamu.

Utamu niliupata kwenye simu, katika video za CrossFit, yale mazoezi ambayo Greg Glassman na Lauren Jenai waliyaanzishia kampuni huko California mwaka 2000: kunyanyua, kuruka, kujivuta na kukimbia, yote kwa kasi, saa ikihesabu. Vifaa havikunishinda. Mji wetu uko kwenye njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, kwa hiyo tairi chakavu hazikosekani. Makopo ya rangi tuliyajaza zege, bomba likachomelewa kati ya nguzo mbili, na mawe Singida hakuna ayauzaye. Kitu ambacho video hazikunipa, nami sikukitafuta, ni jinsi ya kumwanzisha mtu mgeni.

Badala yake nikabuni "makaribisho". Aliyepita shule za bweni au JKT anajua chanzo chake. Mgeni anaruka kichura mia, halafu anajivuta kwenye bomba mpaka mikono imkatae, wenyeji wamemzunguka wanahesabu na kupiga makofi. Akitapika anapigiwa makofi zaidi. Baadaye niligundua kwamba hata wenyewe kule Marekani walikuwa na kikaragosi cha mcheshi aliyefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, figo zake zimemwagika sakafuni. Walau Glassman aliandika mwaka 2005 kuwaonya watu wake juu ya hatari hiyo. Mimi nilichukua kicheko, onyo nikaliacha.

Huyo aliyenipigia simu alikuwa dereva wa lori, mtu wa makamo, ujanani mchezaji hodari wa mpira. Nilifurahi alipokuja. Nilidhani mtu aliyewahi kuwa fiti ndiye salama kuliko wote, kumbe yeye ndiye wa kuogopewa. Ana moyo wa mchezaji, hakubali kuacha mbele ya watu, lakini misuli yake imekaa kwenye usukani kwa miaka. Anayeanza kabisa huchoka mapema akaketi. Huyu aliruka zote mia. Kwenye themanini miguu ilikuwa inatetemeka, nikaiona, nikaongeza sauti ya kuhesabu.

Kesho yake hakuweza kushuka ngazi, wala mikono haikunyooka. Nikacheka naye kwenye simu. Usiku uliofuata ndipo akaniambia habari ya mkojo.

Hali hiyo madaktari huiita rabdomayolisisi. Msuli ukilazimishwa kupita kiasi, chembe zake hupasuka. Kichura ni kibaya hasa pale mtu anapotua, kwa sababu msuli unavutwa urefuke huku wenyewe unang'ang'ania kujizuia. Kujishusha kutoka kwenye bomba ni vivyo hivyo. Protini iitwayo mayoglobini humwagika kwenye damu, hufika kwenye figo na kuziumiza, na ndiyo inayoutia mkojo ule weusi. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall wa London walieleza jinsi watu waliotolewa hai chini ya vifusi vya mabomu walivyokuja kufa siku chache baadaye, figo zimegoma. Miguu yao ilikuwa imebanwa na kuta za nyumba. Wa kwangu alibanwa na makofi. Na ile diklofenaki niliyomwandikia kwa simu ni katika dawa zinazopunguza damu iendayo kwenye figo. Ningesema tu "nenda hospitali sasa hivi", ingetosha.

Mkewe ndiye aliyempeleka, bila kuniuliza. Akatundikiwa maji, akahamishiwa Dodoma, akawekwa kwenye mashine. Figo zilirudi. Lori halikumrudia, mwajiri alikuwa ameshampa mtu mwingine.

Nilipokwenda kumwona, mkewe aliniuliza, "Shemeji, huko mazoezini mlifanya nini?" Nikasema, "Alizidisha mwenyewe, shemeji. Nilimkataza." Mume alikuwa amelala. Uongo huo niliurudia kwa wanakikundi, wakauchukua, sasa ndiyo historia rasmi: jamaa alikuwa na tamaa, hakunywa maji, hakumsikiliza Kocha.

Kwa muda nilijitetea kwa takwimu. Ni kweli, mazoezi haya hayana ubaya yanaotangaziwa na wasioyapenda. Utafiti wa mwaka 2013 uliwaona washiriki wake wakiumia kwa kiwango kinachokaribiana na wanyanyua vyuma na wana sarakasi, chini ya wachezaji wa raga. Mwingine wa mwaka 2014, uliowahoji watu 386, ulikuta karibu mmoja kati ya watano ameumia, zaidi bega na kiuno. Nilikuwa nikiutaja huo kwa fahari, mpaka niliposoma vizuri kwamba majeraha yalipungua pale mkufunzi alipokuwa karibu akiwasahihisha watu. Kwetu mkufunzi alikuwapo, hatua mbili tu, ameshika saa.

Makaribisho nimeyafuta. Mgeni sasa anaanza na nusu ya nusu, na akiniambia ameumwa siulizi mara mbili. Ila hilo si fidia kwa yeyote.

Dereva alipotoka hospitali niliitisha mchango. Nilipita kwa wanakikundi mmoja mmoja na daftari, nikachangisha, nikampelekea bahasha, na watu wakasema Kocha ana utu. Shemeji akanishukuru kwa mikono miwili. Jina langu liko la kwanza kwenye orodha, na kiasi nilichotoa ndicho kikubwa kuliko vyote. Kimeandikwa "msaada". Kilikuwa sehemu ya deni, na mwenye kudai hajui bado kwamba anadai. Makala haya nitampelekea mwenyewe nyumbani kwake Mandewa kabla hayajachapishwa, ayasome nikiwa nimekaa hapo hapo, mkewe akiwapo.